Barua kwa mwanangu: dereva ni wewe, utingo ni wewe

Tanga, Agosti

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, ila goti la mama yako bado linamsumbua.

Picha za karavani uliyonunua, hiyo nyumba ya kuvutwa na pikapu, nimeziona. Nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Ulinipigia ukitaka kusikia kama nimefurahi, mimi nikakuuliza tairi ni za mwaka gani. Ukanyamaza kidogo, kisha ukacheka, ukasema, "Baba bwana!" Haya, nimefurahi. Sasa turudi kwenye tairi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila ninachosema unajibu "sawa baba", na najua "sawa baba" yako inaishia wapi. Barua utaiweka kwenye droo ya pikapu, na siku utakayokwama utaisoma.

Kwanza, umechagua vizuri. Manesi wenzako wengi huko Marekani, wa hizo kazi za kusafiri za wiki 13, wananunua gari-nyumba lenye injini yake, halafu kila zamu wanafungasha sufuria na kukunja nyumba ndipo waende hospitali. Wewe ukifika Spokane, jimbo la Washington, unaiacha karavani imetulia, unakwenda kazini na pikapu. Na injini ikiharibika, fundi hakai na kitanda chako wiki mbili.

Unajua kwamba kabla ya ile miaka 19 ya malori Marekani, nilikuwa utingo kati ya Dar na Mbeya. Kila tuliposimama, hata kwa chai ya dakika kumi, mimi ndiye niliyeruka chini kwanza. Naweka kabari kwenye gurudumu, kisha nazunguka gari na kipande cha bomba nikigonga tairi moja moja. Tairi yenye upepo inalia, inakurudishia mkono. Iliyopungua inatoa sauti ya gunia la mahindi. Dereva yuko kivulini anakunywa chai, mimi niko uvunguni natafuta oili inayovuja. Karavani yako haina utingo. Dereva ni wewe, utingo ni wewe, na kila unaposimama kutia mafuta, kabla hujaingia dukani, uizunguke. Gusa kila tairi na kitovu chake kwa kiganja. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, usiondoke hapo. Na nati za tairi ukaze tena baada ya maili 50 za mwanzo.

Kipimo cha upepo nunua kizuri, upime asubuhi tairi zikiwa baridi, kabla jua halijazipiga. Namba unayotakiwa kujaza imebandikwa ubavuni mwa karavani, upande wa mbele kushoto. Kuhusu umri: kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT, kisha angalia tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, lala chini uangalie ubavu wa ndani. Tairi za karavani hazifi kwa kusagika, zinakufa kwa uzee na jua. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa nzima kabisa na ndani imeoza. Ikishapita miaka sita mimi siiamini tena, hata ikimetameta.

Hili silisemi kwa kusikia. Ile karavani tuliyoishi mimi na mama yako miaka miwili ya mwisho, aliyetuuzia alikuwa amezipaka tairi dawa ya kung'arisha, nyeusi tii. Mimi, mtu wa malori, nikazipiga teke mara mbili nikasema ziko sawa. Julai, tumeipita Amarillo kidogo, nikasikia mlio kama bunduki. Tairi haikupasuka tu. Ule mkanda wake uliendelea kuzunguka ukichapa sakafu kutoka chini, ukang'oa bomba la maji machafu na kutoboa kabati la mama yako. Nilipofungua mlango, unga wa chapati ulikuwa umetapakaa kila mahali na katikati yake kipande cha mpira. Nikasoma namba: tairi ilikuwa na miaka tisa. Mama yako hakunena neno mpaka Tucumcari. Ni zaidi ya maili 100.

Kwa hiyo kabla ya Oktoba badilisha zote nne, na stepni.

Mwendo. Tairi nyingi za trela zimetengenezwa kwa maili 65 kwa saa mwisho. Wewe nenda 60. Watakupita, wapite. Kisheria lori niliweza kuliendesha kwa muda wa hadi saa 11 kwa siku, lakini nililipwa kufanya hivyo. Wewe usizidi maili 300, na ujitahidi kufika kabla ya saa tisa alasiri, ili ukiona nafasi ya kuegesha uliyopewa kambini ni mbaya ubishane kukiwa bado kuna mwanga. Houston mpaka Spokane ni zaidi ya maili 2,000. Panga siku nane, na moja ya kulala tu.

Njia yako ina mahali pawili ninapotaka uwe macho. Pa kwanza ni jimbo la Wyoming, ile barabara kuu ya I-80 kati ya Laramie na Rawlins, karibu na Elk Mountain. Upepo wa pale nimeuona ukilaza lori tupu kama mtoto anayelaza kiberiti. Kuna mabango ya taa yanayosema njia imefungwa kwa magari mepesi marefu kwenda juu. Mwanangu, gari jepesi refu ndilo lako. Ukiliona bango, rudi Laramie ukalale, upige simu kazini. Afadhali uchelewe siku moja.

Na trela likianza kucheza, likitikisa mkia kushoto kulia, mguu wako utataka kukanyaga breki. Usikanyage. Pia usishindane na usukani. Achia mafuta taratibu, ubane kwa mkono ile breki ya trela iliyo kwenye dashibodi, trela lenyewe lijivute nyuma na kunyooka. Jifunze ilipo kabla hujatoka Houston, uipapase mpaka mkono uikute gizani.

Mahali pa pili ni Oregon, kwenye I-84, ukishaipita La Grande kuelekea Pendleton. Kuna mteremko wanauita Cabbage Hill, kama maili sita, na kona zake zinajikunja mara mbili. Hapo kumbuka Kitonga. Pale Iringa dereva wangu alikuwa na sheria moja: mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia. Anza kupunguza mwendo juu kabisa, kabla ya mteremko, weka gia ndogo, injini ikushike. Breki unakanyaga kwa nguvu, muda mfupi tu, unaachia, zinapoa. Ukizilalia moja kwa moja zinachemka, na breki iliyochemka ukiikanyaga hakuna kitu. Kitonga tuliwahi kukuta mabaki ya watu waliodhani wana haraka.

Madaraja: pima kwa futi karavani yako kuanzia chini mpaka juu ya kiyoyozi, uiandike kwa kalamu nene mbele ya usukani. Pale Durham, North Carolina, kuna daraja la reli lililokuwa na futi 11 na inchi 8 tu, maarufu kwa kuchuna mapaa ya malori. Mwaka 2019 waliliinua likawa futi 12 na inchi 4, na bado watu wanalifuata na mapaa yao. Ramani ya simu haijui kama umevuta nyumba.

Kurudi nyuma kulikuliza machozi kwenye ile video. Dawa ni hii: shika usukani chini kabisa, kwenye namba sita ya saa ya ukutani. Mkono ukienda kulia, mkia wa trela unakwenda kulia. Basi. Na shuka ukaangalie, hata mara tano. Wanaokutazama wamekaa kwenye viti vyao na vinywaji, hawana kazi nyingine.

Ukishaingia kwenye nafasi yako, kwanza sawazisha kushoto na kulia, kisha kabari. Kabla hujachomoa chochote, kabari. Ndipo uiachanishe na pikapu.

Umeme wako ni wa ampea 30, yaani wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi kikiwaka, ukaweka birika la umeme na maikrowevu, breka inaruka. Mama yako alikuwa na utaratibu wake: "Zima baridi, nichemshe chai." Nunua kifaa cha kulinda umeme, ukichomeke kwenye nguzo ya umeme kabla ya waya wako, maana nguzo za kambi nyingine zimechoka. Kwenye bomba la maji weka regyuleta, kifaa cha kupunguza presha, isizidi psi 50 hivi, usije ukarudi zamu ya usiku ukakuta zulia linaelea.

Sasa choo. Najua unacheka. Ni nesi wewe, huna kinyaa, kwa hiyo nitasema wazi. Kambini utaunganishwa na bomba la maji machafu, na utashawishika kuacha valvu ya tangi la choo wazi, kila kitu kijiendee. Tulifanya hivyo Arizona wiki tano. Maji yalikwenda, kile kizito kikabaki. Siku ya kuondoka nikavuta valvu, kimya. Nikachungulia na tochi kutoka juu, nikaona kilima, kabisa, chenye kilele. Mama yako akasimama mlangoni, akaziba pua na ncha ya kanga, akasema, "Miaka 19 ya udereva." Nilijaza maji nikaacha yalale usiku kucha, nikamwaga, nikajaza tena, mara tatu. Kwa hiyo valvu hiyo iwe imefungwa. Tangi likifika robo tatu ndipo unaifungua, uchafu ukatoka kwa kishindo. Kisha unafungua tangi la maji ya sabuni, linasafisha mpira. Glavu unazo. Mpira wa maji ya kunywa na wa uchafu visikae sanduku moja.

Spokane, wiki zako 13 zitaingia kwenye baridi hasa. Ule mpira wa kawaida wa maji utaganda. Nunua wenye waya wa kupasha joto, au jaza tangi la ndani, uchomoe mpira, utumie pampu. Valvu ya maji ya sabuni nayo ifunge, maana yakichuruzika kidogo kidogo yanaganda ndani ya bomba mpaka linaziba. Mtungi wa gesi wa paundi 20 ukiwasha hita usiku na mchana unaweza kuisha kwa siku mbili, kwa hiyo uliza kambini kama wanaleta mtungi mkubwa. Usiwashe jiko la kupikia ili kupata joto, na jiko la mkaa lisivuke kizingiti. Unajua kuliko mimi inavyomfanya mtu ile gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu. Ving'ora vya gesi vina tarehe ya kwisha muda kwa nyuma, visome leo. Na usikose kufungua kidogo tundu la hewa la darini hata kukiwa na barafu. Pumzi yako na mvuke wa wali vinageuka maji, yanakimbilia chini ya godoro, na Januari utakuta kuvu. Inua godoro kila wiki.

Paa panda mwenyewe kila miezi mitatu, uangalie ile gundi ya kuziba kuzunguka matundu. Maji ndiyo yanayoua karavani, wala si ajali.

Bima mwambie wakala kwamba utaishi humo, usimwachie adhani ni ya likizo. Mambo ya kodi na posho ya makazi tafuta mtu anayejua wauguzi wa kusafiri, umlipe. Mimi hapo sina la kukwambia.

La mwisho ni mzigo. Maji yana uzito: galoni 40 ni zaidi ya kilo 150. Safiri na robo tangi, na siku umefungasha kila kitu pitia mizani ya malori ukapime. Vizito vikae mbele ya ekseli. Mkia ukiwa mzito, ndipo trela linapoanza kucheza.

Nakwambia hivi kwa sababu shangazi yako anasafiri mwezi ujao, na mama yako amempa akuletee mbuzi wa nazi. Ule mkubwa wa mvule, wa bibi yako. Nimemwambia huko nazi zinauzwa za kopo, na karavani ina blenda. Hakunijibu. Ukifika uuweke kwenye stoo ya mbele, chini ya kitanda, ukiulaza kifudifudi, meno yake yasije yakatoboa bomba.

Wakatabahu,
Baba yako