Perege wangu hawaendi Zigi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kwa nini nilikataa kutoa samaki wangu, maana maneno yameshazagaa Pongwe kwamba mwalimu amekuwa mchoyo uzeeni.

Wiki tatu zilizopita walinijia vijana wanne wa kikundi cha mazingira. Mmoja wao nilimfundisha baiolojia kidato cha tatu, na alikuwa hodari. Shikamoo zikapita, wakakaa chini ya mwembe, wakatoa ombi: vifaranga elfu tano vya perege wa asili, wakamwagwe Mto Zigi siku ya sherehe. Mgeni rasmi kaalikwa, fulana zimeshachapwa. Perege wa asili mtoni wamepungua, kwa mwalimu wamejaa, basi warudishwe kwao. Hesabu fupi, na masikioni ilinoga.

Ninao kweli. Miaka kumi na moja iliyopita nilinunua perege tisa hai kwa watoto waliokuwa wakivua kwa ndoana, juu ya bwawa la Mabayani. Majike saba, madume mawili. Hawa ndio wataalamu wanaowaita Oreochromis korogwe, kwa jina la mji wetu wa Korogwe, samaki wa mito ya Pangani na Zigi. Si sato. Sato tunayemnunua sokoni ni mgeni huku kwetu, na hata Ziwa Victoria alipandikizwa tu, miaka ya 1950. Basi jike la perege huatamia mayai mdomoni, kwa hiyo watoto wengi wanapona, na bwawa langu lilijaa upesi. Lakini kila samaki aliye nyuma ya nyumba yangu leo asili yake ni wale tisa.

Nikaokota kijiti nikawaandikia mchangani kanuni ambayo darasani tuliipita haraka. Zidisha madume kwa majike, kisha mara nne, gawa kwa jumla ya wote. Mbili mara saba, 14. Mara nne, 56. Gawa kwa tisa: sita na ushei. Ndiyo kusema kwa upande wa urithi nilianza na kundi la samaki sita, si tisa, maana baba wa wote walikuwa wawili tu. Na hapo nimewahurumia, kwa sababu dume mkubwa alichimba kiota katikati ya bwawa akamsukuma mwenzake pembeni, kwenye magugu, wiki nzima hatoki. Ukimwondoa huyo, hesabu inashuka hadi tatu na nusu. Urithi waliouacha mtoni wale tisa, hawa elfu tano hawawezi kuuzua.

Yule mwanafunzi wangu akanishika: "Mwalimu, mbona vyura wa Kihansi walizalishwa Marekani wakarudishwa?" Swali zuri. Nikamwambia waliochukuliwa Kihansi, kwenye maporomoko ya Udzungwa, mwaka 2000 walikuwa vyura 499, na wakapungua mno kabla hawajapata kutunzwa inavyotakiwa. Kurudishwa ilikuwa 2012, na kazi yote ile ilikuwa ya wataalamu wa bustani za wanyama wenye daftari la ukoo. Mimi daftari sina. Nina pumba na ndoo.

Kuna jambo jingine nililoliona kwa macho yangu kabla sijalisoma. Perege wangu wakiona kivuli cha mtu wanakuja juu, midomo wazi. Wa mtoni wakiona kivuli hukuti hata mmoja. Mwanzoni nilidhani ni mazoea tu ya kulishwa. Siku moja nikapata jike la mtoni lenye vifaranga mdomoni, nikavilea peke yao kwenye neti, bwawa lile lile, pumba ile ile. Hawakuacha kukimbia, hata walipokuwa wa kuliwa. Sikuita utafiti, neti yenyewe ilikuwa moja. Lakini ndivyo ilivyo: bwawani mwenye woga anakula kidogo, anadumaa, hazai, mjasiri ananenepa na kujaza bwawa kwa watoto wake. Kizazi baada ya kizazi, bila kukusudia, nimekuwa nikichagua samaki wa kumpendeza korongo.

Wenzetu wameshalipima hilo. Katika Mto Hood, jimbo la Oregon, Marekani, watafiti walifuatilia kwa vinasaba ukoo wa trauti wanaokwenda baharini na kurudi mtoni kuzaa. Matokeo yalitoka mwaka 2007: kwa kila kizazi kinachofugwa, uwezo wa samaki kuacha uzao mtoni ulishuka kwa kiasi cha asilimia 40. Kizazi kimoja! Wangu wamepita vingapi sijui. Wapo walio na migongo iliyopinda, na wengine vifuniko vya matamvua havifiki mwisho. Chakula changu duni huenda kimechangia, lakini sitaki kuupelekea mto samaki wa "huenda".

Wangekufa tu huko mtoni, hasara ingekuwa vifaranga na fulana. Balaa ni wakipona. Wakazaane na wachache waliobaki, tuwe tumemwaga ndugu elfu tano juu ya wenyeji mia mbili, na Zigi nzima igeuke ukoo mmoja. Mgeni rasmi atakuwa ameshakula pilau na kuondoka zamani.

Nasikia sasa wanataka kununua kwa muuza vifaranga. Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia. Vifaranga vingi vya biashara ni sato, tena vilivyolishwa homoni wawe madume watupu ili wakue upesi. Kwa bwawa la biashara sawa kabisa. Mtoni sato hao watawapanda majike wetu wa asili, na mchanganyiko wa damu ya namna hiyo umeshaonekana katika maji kadhaa ya Tanzania.

Wanaosema samaki ni samaki, waulize Waasia. Perege wa Msumbiji walioenea mabwawa ya huko inaelezwa walitokana na samaki watano waliopatikana kisiwani Java mwishoni mwa miaka ya 1930. Na mradi wa kuboresha sato ulipoanza Ufilipino mwaka 1988, mbegu ilikuja kutafutwa kwenye maji ya Afrika: Misri, Ghana, Kenya, Senegal. Sisi mbegu tunayo hapo Mabayani, na tunataka kuikoroga kwa ajili ya picha. Silikanti, samaki wa kale wa baharini, ametengewa hifadhi nzima ya bahari hapa Tanga tangu 2009, na anastahili, lakini perege hana wa kumsemea, labda kwa kuwa tunamla.

Sikuwafukuza vijana. Niliwaambia sherehe isubiri. Tuanze kwa kuzuia kokoro na sumu mtoni, maana mto ukitulia perege hahitaji mkunga. Ikibidi kuzalisha, tuchukue wazazi mia na zaidi kutoka sehemu mbalimbali za mto, dume mmoja na majike wachache kila neti, idadi sawa ya watoto kwa kila familia, kila mzazi akatwe kipande cha pezi kihifadhiwe kwenye spiriti kwa ajili ya maabara, na kila mwaka tuongeze damu mpya ya mtoni. Mabwawa yangu mawili nitayatoa bure kwa kazi hiyo, nikishayakausha.

Hao waliomo ndani kwa sasa, vijana wanakaribishwa Jumapili. Tutawapika kwa nazi.

Mwalimu mstaafu,
Pongwe, Tanga