Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Utafutaji Mafuta

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: ELEMENTI ADIMU ZA ARDHI KATIKA SAMPULI ZA MIAMBA MAMA

Mimi ni mpimaji wa maabara, na ombi langu ni moja: usipokee taarifa ya elementi hizi kutoka kisimani bila kumbukumbu za tope la kuchorongea, yaani majimaji mazito yanayozungushwa kisimani wakati wa kuchimba.

Ziko 15, kuanzia lanthanamu hadi lutetiamu, nazo huandamana kama ndugu wa tumbo moja kwa kuwa karibu zote hubaki na chaji ya +3. Watukutu ni wawili. Seriamu ikikuta oksijeni ya kutosha baharini hugeuka +4, ikanata kwenye oksidi za manganizi, na maji yakabaki na upungufu wake. Yuropiamu nayo hushuka hadi +2 kwenye majimaji ya moto sana yasiyo na oksijeni. Kwa hiyo mjiolojia akikuta yuropiamu imezidi katika mwamba mama, ule unaozalisha mafuta, husema upesi: hapa palikuwa na chemchemi za moto chini ya bahari.

Huenda hapakuwa na chochote. Tope la kuchorongea mara nyingi hutiwa baraiti ili liwe zito, na baraiti ni salfeti ya bariamu. Chengachenga za mwamba hupanda juu zikiwa zimepakaa tope hilo, na kuziosha hakuzitakasi kabisa. Ndani ya mashine ya plasma, inayotambua elementi kwa uzito wa atomi zake, atomi ya bariamu yenye uzito wa 135 hushikana na oksijeni ya 16. Jumla 151, uzito uleule wa yuropiamu. Bariamu ya 137 hufanya vivyo hivyo kwa 153. Isotopi za asili za yuropiamu, yaani aina za atomi zake zinazotofautiana uzito, ni hizo mbili tu, hatuna ya tatu ya kukimbilia. Mashine inahesabu bariamu, sisi tunaandika historia ya bahari!



Naomba basi kila jedwali lionyeshe bariamu kando ya yuropiamu. Zikipanda na kushuka pamoja, tuwe na shaka. Na visima vyenye viini vya mwamba, yaani vipande virefu vilivyotolewa vikiwa vizima, vitunziwe viini hivyo: sampuli ikatwe katikati, mbali na ngozi iliyogusana na tope. Gramu chache zinanitosha.

Wako katika kazi,
Mjiokemia wa maabara