Mtandao Upo, Faragha Je?

Wengi wanaotupigia kuulizia ushauri nasaha kwa video huanza na mtandao: je, ukisumbua? Jibu ni fupi. Picha ikiganda tunazima kamera na kuendelea kwa sauti. Sauti nayo ikikatika, mnasihi anakupigia simu ya kawaida kwa namba mliyokubaliana mwanzoni.

Kinachotuharibia vikao mara nyingi zaidi ni mlango usiofungika.

Kuna mteja ninayemsimulia kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Vikao 3 vya mwanzo alijibu "ndiyo", "hapana", "kidogo tu". Mnasihi akadhani bado hajawa tayari. Cha 4, sauti ya mtu ikamwita kutoka chumba cha pili, naye akashtuka hadi simu ikaanguka. Ndipo tukaelewa: alikuwa akizungumza hatua chache tu kutoka kwa mtu aliyekuwa chanzo cha maumivu yake. Kikao kilichofuata alikifanyia ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa. Aliongea karibu muda wote, na mnasihi hakuwa na haja ya kumchokoa.

Iliniuma kwamba hatukumuuliza mapema. Sasa kila kikao kinaanza hivi: uko wapi, nani yuko karibu, anakusikia? Tunakubaliana pia maneno ya tahadhari. Ukisema, kwa mfano, "ile risiti nitakutumia kesho", mnasihi anajua kuna mtu ameingia na anageuza mazungumzo papo hapo. Hedifoni zinasaidia, ila kumbuka zinaficha maneno ya mnasihi tu. Yako bado yanasikika. Asiye na chumba anaweza kuzungumza huku anatembea nje, au kuandika meseji badala ya kusema.

Tukikuuliza mahali ulipo hasa, na jina la mtu wa karibu tunayeweza kumpigia, usidhani tunakuchunguza. Mnasihi aliye mbali hawezi kukushika mkono hali ikiwa mbaya. Lazima ajue msaada aupeleke wapi. Ndiyo sababu hatuliruki swali la 9 katika dodoso la sonona liitwalo PHQ-9, lile linalouliza kama katika wiki 2 zilizopita umewaza kwamba ni heri ufe au umewaza kujidhuru. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kulitua.

Wapo wanaoiona huduma hii kama kitu cha kubahatisha kilichozuka na UVIKO-19. La hasha. Mwaka 1959 madaktari wa akili huko Nebraska, Marekani, walikwisha kutumia televisheni ya pande mbili katika tiba ya vikundi, na kwa sonona na wasiwasi, tiba ya mazungumzo kwa video imeonyesha matokeo yanayokaribiana sana na ya ana kwa ana.

Hata hivyo, si kila mtu tutampokea. Anayeacha pombe ghafla baada ya kunywa sana kwa muda mrefu anaweza kupata degedege. Huyo anahitaji hospitali. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, lazima apimwe damu mara kwa mara. Uchovu na huzuni navyo vinaweza kutokana na upungufu wa damu au tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, na hilo kamera haiwezi kulionyesha. Tukikuelekeza kwa daktari wa ana kwa ana, nenda. Nafasi yako kwetu itakusubiri.

Kabla ya kuweka miadi, fanya jaribio moja. Weka redio pale unapopanga kuketi, sauti iwe ya mazungumzo ya kawaida, funga mlango, kisha simama nje usikilize. Ukiyasikia maneno waziwazi, tuandikie saa ambazo nyumba huwa tupu, hata kama ni alfajiri, tupange kuanzia hapo.