Mtoto mmoja, watu wazima watatu

Mhariri,

Picha za watoto wenye mtindio wa ubongo wakipandishwa farasi kama tiba huko Ulaya na Marekani zinazunguka sana kwenye simu za wazazi wa Mtwara na Lindi, na kila zikifika huja na swali lilelile: farasi tutamtoa wapi? Kusini hii ni kazi ngumu. Mbung'o wa mapori yetu hueneza nagana, ugonjwa unaomuua farasi asiyetibiwa.

Lakini tazameni tena picha hizo, safari hii pembeni ya farasi. Mmoja anamwongoza mnyama. Wawili wanatembea ubavuni, huku na huku, kila mmoja amelaza mkono juu ya paja la mtoto asiteleze. Ni watu wazima watatu kwa mtoto mmoja, kwa saa ileile kila wiki. Wazazi wanaosubiri kando ya uzio hufahamiana hapohapo. Hilo halihitaji farasi.

Kazi ya farasi ni hii: akitembea, mgongo wake humsukuma mpandaji mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kumzungusha kiuno kidogo, takriban mara 100 kwa dakika, karibu sawa na kiuno cha mtu anayetembea. Mapaja yaliyotanuka na joto la mnyama hulegeza misuli iliyokaza. Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza kuanzia magotini kwenda chini kwa polio mwaka 1944, alitwaa medali ya fedha ya kupanda farasi katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na tiba hii ikapata nguvu Ulaya baada yake.

Mwendo ule wote hatuwezi kuuiga. Mkao wa kutagaa miguu tunauweza, kwa gogo la sponji. Chukueni bomba la plastiki la inchi 4, urefu wa sentimita 80 hivi, mlizungushie godoro chakavu la sponji kwa kulikaza, mfunge kwa vipande vya mpira wa tyubu, kisha mvishe gunia la korosho na juu yake turubai linalofutika. Unene wake upimwe kwa mtoto mwenyewe: kutoka nyuma ya goti hadi sakafuni. Likiwa nene mno, miguu inaning'inia, mtoto anasukuma kwa vidole na mwili mzima unakakamaa. Likiwa jembamba, magoti yanapanda na mgongo unajikunja. Msijaze msufi wala makumbi. Hubonyea katikati na mapaja hurudi kubanana.

Mmoja akae mbele ya mtoto kumwonyesha cha kufikia, wawili ubavuni, mkono juu ya paja kama kwa farasi. Zuieni gogo kwa mifuko ya mchanga siku za mwanzo. Anzeni na dakika 5, mfike 20 taratibu. Baadaye lisogezwe polepole kushoto na kulia. Kurusharusha huongeza mkazo. Wa ubavuni wakichoka wabadilishwe mmoja mmoja, kamwe si wote wawili kwa pamoja. Kosa tunaloliona sana ni hao wawili kuzungumza wao kwa wao juu ya kichwa cha mtoto: mikono inalegea, naye anakaa kama mzigo. Wazungumze naye.

Kabla ya yote, mtoto aonwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Anayelia kila miguu inapotanuliwa huenda nyonga imetoka mahali pake, apigwe picha ya eksirei kwanza. Mwenye kifafa kisichotulia asubiri. Na wazazi wasiazimane dawa za kifafa hata siku moja. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, na kuikatisha ghafla huleta degedege.

Vikundi vya wazazi vya mazoezi haya huvunjika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni korosho: ikifika Oktoba watu wamehamia mashambani. Basi gawaneni mapema kwa ukaribu wa mashamba, familia mbili mbili, na wa tatu awe bibi, kaka mkubwa au mjomba. Mjomba kwetu ana sauti. Akishakaa pembeni ya gogo mara mbili, maneno ya kwamba mtoto huyu ni mkosi hupungua nyumbani.

Ya pili ni fedha, na hii inauma zaidi. Wengi huanzisha upatu wa nauli ya bajaji na kuukusanya siku ileile ya mazoezi. Mama asiye na mchango anaona aibu, anabaki nyumbani, na anayekosa zoezi ni mtoto. Michango ikusanywe siku nyingine, na mtu mwingine. Siku ya gogo asiulizwe mtu shilingi.

Tunaiomba Manispaa ya Mtwara-Mikindani chumba kimoja chenye sakafu kavu katika zahanati, asubuhi moja kwa wiki, na mtaalamu wa fiziotherapia apite angalau mara moja kwa mwezi kupima nyonga na migongo. Magogo tutatengeneza wenyewe.

Wazazi na walezi,
Mtwara