Mtutu wa Gobore Ukiliwa na Kutu: Utengenezwe au Utundikwe Ukutani?

Kabla ya kuuliza bei, hakikisha gobore halina baruti. Bunduki nyingi za urithi zinazoshindiliwa mdomoni zilihifadhiwa zikiwa na shehena yake, na baruti nyeusi haiishi nguvu kwa kukaa. Ikiwa kavu inalipuka tu. Ondoa fataki (kofia ndogo ya kuwashia baruti) kama ipo. Usisimame mbele ya mtutu. Ingiza mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, mpaka ugote chini, utie alama pale mdomoni, kisha uulaze kando ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha ikifikia tundu la moto, lile linalopitisha moto kwenda kwenye baruti, mtutu ni mtupu. Ikipunguka sentimita 4 au 5, kuna kitu ndani. Usichokoe, usipashe moto, na usipande nayo matatu kutuletea karakanani. Tupigie kwanza, cheti cha silaha kikiwa mkononi. Bila cheti hatuigusi.

Adui mkubwa ni masizi ya baruti, ambayo hufyonza unyevu wa hewani. Bunduki isipooshwa kwa maji moto siku ileile ya kufyatuliwa, kutu huchimba vishimo, hasa nyuma karibu na kizibo kinachofunga mwisho wa mtutu. Vishimo vidogo tunavisugua: tunamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa kuzunguka fimbo humo humo mtutuni, yakiganda tunayapaka mafuta na unga wa msasa, kisha ni kuvuta na kusukuma. Tundu la mtutu hupanuka kidogo, hivyo risasi ya zamani italegea. Tundu la milimita 12.7 kwa kawaida hutumia risasi ya 12.4 iliyofungwa kitambaa cha unene wa 0.4 hivi; baada ya kusugua, pima upya.

Uvimbe ni habari nyingine. Hutokea risasi isiposhindiliwa mpaka ikalie baruti. Chungulia ndani: utaona pete nyeusi. Ikiwa karibu na mdomo, tunakata kipande na kuuchonga mdomo upya. Ikiwa nyuma, kwenye moto wenyewe, hatuahidi kitu.

Mtutu ulioliwa sana lakini wenye kuta nene tunautia bomba jipya. Tunautoboa kuupanua, tunaingiza bomba la chuma lenye mifereji yake ya kuizungusha risasi tayari, tunaligandisha kwa risasi ya kulehemu, kisha tunakata hesi za kizibo upya. Hapo ndipo mafundi wengi huharibu kazi: kizibo lazima kilibane bomba lenyewe, la sivyo gesi hupenya kati ya vyuma viwili.

Kuziba vishimo kwa weldi hatufanyi. Fundi wa Kariobangi, Nairobi, anaweza kukuzibia vizuri ukapendezwa, lakini joto lile hubadilisha chuma cha pembeni, na mitutu mingi ya kale ina mshono uliofuliwa kwa nyundo. Mitutu ya vyuma vilivyosokotwa tunaisafisha, tunaipaka mafuta, na kuirudisha ya kutundikwa tu. Na hata tukikutengenezea, baruti ya kisasa isiyotoa moshi usiitie kamwe: shinikizo lake litaupasua mtutu mbele ya uso wako.