Tuipime hewa ya vyumba vyetu vya chini

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo Unguja na Pemba halijazoeleka midomoni, nalo ni gesi ya radoni majumbani.

Gesi hii hutokana na madini ya urani, ambayo kwa kiasi kidogo yamo karibu katika kila mwamba na udongo. Haina rangi, harufu wala ladha. Nje huchukuliwa na upepo, lakini katika chumba kilichofungwa hujikusanya, na mtu akiivuta, chembe zake zenye mionzi huganda mapafuni na kuyadhuru polepole kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, ikiifuatia sigara, na anayevuta sigara huku akiishi nayo yumo katika hatari kubwa zaidi.

Najua nitajibiwa kwamba visiwa vyetu ni vya mawe ya matumbawe, na kwamba mwamba wa itale ndio wenye urani nyingi. Kwa kawaida ni kweli. Lakini mawe ya chokaa yana mapango na nyufa (aliyeshuka Mangapwani hahitaji kuambiwa), na humo hewa ya ardhini husafiri kwa wepesi. Ndiyo maana nyumba mbili zilizo kama pua na mdomo huweza kutofautiana sana, na hakuna njia ya kujua ila kupima.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni namna tunavyojenga siku hizi. Nyumba ya marehemu babu ilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, na kusi ikivuma tulijifunika shuka mbili. Hivi karibuni nililala kwa mdogo wangu, Fuoni, katika chumba cha chini chenye madirisha ya vioo yaliyofungwa, kiyoyozi kikiwaka usiku kucha. Asubuhi niliona safu ya sisimizi ikitoka pale sakafu inapokutana na ukuta, katika ufa ambao sarafu ingeingia. Panapotoka sisimizi, hewa ya ardhini haishindwi kutoka, na kiyoyozi cha kawaida huizungusha hewa ileile tu.

Kupima si kazi kubwa: kidude cha plastiki huachwa chumbani kwa miezi 3 au zaidi, kisha husomwa maabara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo ya hewa, na nchi isiyoweza, isivuke 300. Naiomba Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ikishirikiana na Wizara ya Afya ya hapa, ianzie kwenye dahalia za wanafunzi, ambako watoto wengi hulala chumba kimoja.

Anayejenga sasa atandike kokoto chini ya zege, juu yake nailoni nzito, na apandishe bomba kutoka kwenye kokoto hadi juu ya paa. Feni huongezwa baadaye ikihitajika. Aliyekwisha jenga afungue madirisha ya pande mbili na azibe nyufa, ingawa kuziba pekee hakutoshi. Mdogo wangu ameuziba ule ufa kwa saruji. Sisimizi wamehamia mlango wa choo.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Mwanakwerekwe, Unguja