Serikali iweke viwango vya betri za kubadilishana kabla kampuni hazijajigawia soko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie betri za kubadilishana, ambazo tayari zimeenea miongoni mwa bodaboda za umeme jijini Nairobi na ambazo, kwa maoni yangu, huenda zikafika kwenye teksi na matatu kabla serikali haijaamua zitaendeshwa kwa utaratibu gani.

Faida ya mfumo huu ni kubwa. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika gari la umeme, na kuichaji huchukua muda ambao dereva anayetafuta riziki barabarani hana. Betri ikiwa ya kubadilishana, mtu anaweza kununua gari bila betri, akalipia matumizi yake kidogo kidogo, na inapoishiwa akaiacha kituoni na kuwekewa nyingine iliyojaa. Wazo lenyewe ni la kale: kampuni ya umeme ya Hartford, nchini Marekani, ilitoa huduma ya namna hii kwa wenye malori ya umeme mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Hata hivyo, historia ya karibuni inatupa onyo. Kampuni ya Better Place, iliyoanzishwa na Shai Agassi mwaka 2007, ilikusanya dola zipatazo milioni 850 ikajenga vituo nchini Israeli na Denmark, ambako mitambo ilifungua betri chini ya gari na kupachika nyingine kwa dakika chache. Mitambo ilifanya kazi. Lakini vituo hivyo vilitegemea gari la aina moja tu, Renault Fluence Z.E., na watengenezaji wengine hawakukubali kuunda magari yao kulingana na betri hiyo. Magari yaliyouzwa hayakufika hata elfu mbili, na Mei 2013 kampuni ikafilisika. Nchini China, NIO, kampuni inayotengeneza magari ya umeme, ilifungua kituo chake cha kwanza cha kubadilisha betri mjini Shenzhen mwaka 2018 na baada ya miaka mitano ilikuwa na zaidi ya 2,000. Pamoja na ukubwa huo wote, mwishoni mwa 2023 iliona haja ya kutia saini mikataba na watengenezaji magari wenzake, Changan na Geely, ili waandae viwango vya pamoja vya betri, kwa maana gharama ya kujenga vituo ni nzito mno kubebwa na magari ya kampuni moja.

Sisi tunaanza vibaya. Kwa kawaida, betri ya bodaboda ya kampuni moja haiingii katika ya kampuni nyingine, hivyo mwendesha bodaboda hupita kituo chenye betri zilizojaa akielekea cha mbali, na kampuni yake ikifunga milango atabaki na pikipiki isiyokuwa na pa kupata betri. Kwa teksi au matatu iliyonunuliwa kwa mkopo, hasara hiyo itakuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Tulipitia haya katika gesi ya kupikia. Kulikuwa na wakati kila kampuni ilikuwa na valvu yake, na aliyenunua mtungi alifungwa kwa muuzaji mmoja. Kanuni za 2009 zikalazimisha valvu ya aina moja na kuruhusu mtungi mtupu wa kampuni moja kubadilishwa kwa uliojaa wa kampuni nyingine. Wananchi walinufaika, lakini wajazaji haramu nao walijipenyeza, na ikawa vigumu kujua ni nani wa kuwajibika mtungi mbovu ulipomfikia mteja. Kanuni za 2019 zikaondoa ulazima huo wa kubadilishana. Nalitaja hili kwa sababu najua kampuni za betri zitauliza swali hilo hilo la uwajibikaji, na wana haki ya kuliuliza.

Jibu lake lipo ndani ya betri yenyewe. Tofauti na mtungi wa chuma, betri ya kisasa ina mfumo wa kielektroniki unaopima joto na volteji na unaoweza kuhifadhi kumbukumbu ya jinsi ilivyochajiwa. Kila moja ikipewa nambari yake, na sheria ikiagiza kumbukumbu hizo zisomwe na kila kituo kilichosajiliwa, itajulikana betri ni ya nani, nani aliichaji mara ya mwisho na lini ilianza kudhoofika. Kwa hiyo viwango visiishie kwenye umbo na soketi. Vieleze pia namna betri, gari na kituo vinavyowasiliana. Nafikiri hapa ndipo penye kazi ngumu, na ndipo wataalamu wa vyuo vikuu vyetu wanapopaswa kushirikishwa.

Ninapendekeza Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) liziite kampuni zote mezani sasa, wakati vituo vya magari bado havijajengwa. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) nayo ina chombo mkononi: mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya uchukuzi, ambayo wakati huo ilikuwa Sh16 kwa uniti na Sh8 saa ambazo matumizi ya umeme nchini ni madogo. Nafuu hiyo ni ya umma. Baada ya muda wa mpito utakaokubaliwa, ipewe vituo vinavyopokea betri ya kampuni yoyote iliyotimiza viwango, na kituo kinachochagua kuhudumia wateja wake pekee kilipe bei ya kawaida.

Msomaji wenu,
Nakuru